Kwa Saa Sitini Nilikuwa Baba

Naomba nianze kwa kukiri jambo ambalo najua wengi mtanicheka. Wiki ya kwanza ya muhula, siku theluji ilipofunga barabara hapa Manassas na chuo kikatangaza kwamba hakuna masomo, nililia kwa ajili ya gemu. Sisemi machozi ya kulengalenga. Nasema kulia kwelikweli, kwa kwikwi na kamasi, saa saba za usiku, kwenye besimenti ya watu, huku dogo wa miaka kumi na tano akiniangalia kama mtu aliyeona jini.

Dogo huyo ni mtoto wa mama mwenye nyumba ninapopanga. Mama ni Mkenya wa Nakuru, na PlayStation ni ya mwanawe. Kwa wasioijua Manassas, ni mji mdogo wa Virginia, kama maili 30 magharibi mwa Washington, D.C. Wamarekani wanaujua kwa mapigano mawili ya Bull Run, ya 1861 na 1862, katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Sisi wageni tunaujua zaidi kwa foleni ya Sudley Road na treni ya VRE inayowapeleka watu Union Station asubuhi na kuwarudisha jioni wakiwa hoi. Theluji ikianguka huna pa kwenda. Unakaa besimenti.

La pili ninalotaka kukiri ni zito kuliko hilo. Nilipotoka Tanga nilikuja kusomea unesi. Baba yangu ni fundi cherehani pale Ngamiani. Aliuza kiwanja chake cha Muheza, ambacho alikusudia kujenga siku atakapochoka na cherehani, ili nilipe muhula wa kwanza. Mtaa mzima unajua kwamba binti wa fundi yuko Marekani anasomea unesi. Kumbe mimi tangu Agosti nilikuwa nimeshahamia kusomea utengenezaji wa gemu. Kila Jumapili nilimpigia simu: shikamoo baba, marahaba mwanangu, masomo vipi, yanaenda vizuri baba. Sikusema uongo, masomo yalikuwa yanaenda vizuri. Ila sikusema ni masomo gani.

Sasa mtaona kwa nini naandika. Kuna maneno yanayorudiwa sana kwenye mikusanyiko yetu, kwamba gemu ni mambo ya watoto, ni kupoteza muda, ni ujinga wa majuu. Mimi nasema hapana, si zote. Ziko gemu chache zinazosimulia habari ya baba na binti kwa namna ambayo kitabu wala sinema haviwezi, na sababu ni nyepesi. Kwenye sinema unamtazama baba. Kwenye gemu unakuwa baba, na makosa yake yanakuwa yako.

Gemu iliyoniliza inaitwa The Witcher 3: Wild Hunt. Ilitengenezwa na CD Projekt Red, kampuni ya Poland, ikatoka Mei 2015. Inatokana na vitabu vya Mpolandi mmoja, Andrzej Sapkowski. Mwaka uleule ilichukua tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards, na kufikia 2023 kampuni ilitangaza kwamba nakala zaidi ya milioni 50 zimeshauzwa. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba hiki ni kitu cha watu wawili watatu waliojifungia chumbani.

Stori yenyewe, kwa kifupi: Geralt ni mwindaji wa mazimwi mwenye nywele nyeupe. Anatembea nchi iliyoharibiwa na vita, na kazi yake ni kuua majitu kwa malipo. Watu wa kazi yake hawazai, miili yao imebadilishwa kwa dawa tangu utotoni. Lakini ana binti, Ciri. Alimpataje? Aliokoa maisha ya mtu, na alipoulizwa anataka kulipwa nini, akaomba kile ambacho mtu yule anacho bila kujua bado. Kumbe mke alikuwa mjamzito. Ukiwa mtoto wa Pwani hadithi hiyo haikushangazi hata kidogo, bibi zetu wametusimulia za namna hiyo taa ikiwa imezimwa. Baba mzazi wa Ciri ni mfalme mkubwa, ana majeshi, ana hazina, naye anamtaka binti yake amrithi. Geralt hana kitu. Ana farasi na panga mbili. Lakini Ciri akisema nyumbani, anamkusudia Geralt na ile ngome mbovu ya milimani alikomfundisha kushika upanga. Wahenga walishasema, kuzaa si kazi, kazi kulea.

Kabla hujampata Ciri, gemu inakupitisha kwa baba mwingine. Huyu ni mkuu wa ngome moja katika nchi ya mabwawa, watu wanamwita Bloody Baron. Mkewe na binti yake wamepotea, anakuomba uwatafute. Ni mcheshi, ana majonzi, unampenda haraka. Halafu polepole unagundua kwamba hawakupotea. Walimkimbia. Ni mlevi, alikuwa akimpiga mke, na katika ugomvi mmoja mimba ikaharibika. Binti, Tamara, unapomkuta hataki kabisa kurudi. Na ile mimba haikutulia, imegeuka kiumbe cha kutisha kinachotembea usiku. Kuna njia mbili. Unaweza kukiua. Au baba mwenyewe akibebe mikononi usiku kucha, akipe jina kama mtoto wake, akizike chini ya kizingiti cha nyumba. Nilichagua kuzika. Nilimwangalia lile pande la mtu, limelewa mwaka mzima, linatembea gizani limekumbatia kitu kidogo na kuomba msamaha. Nikajiambia, sawa, gemu hii haina mzaha.

Twende kwa Ciri mwenyewe. Ukishampata, stori inakupa nafasi chache za kuamua jambo dogo. Narudia, dogo. Kwanza, wamefiwa na mzee aliyewalea wote wawili, na Ciri amekaa kinyonge. Unaweza kumwambia atulie, si lazima awe hodari wa kila kitu, mkanywa pamoja. Au unaweza kumtoa nje mkarushiane mabonge ya theluji kama watoto. Pili, ameitwa na baraza la wachawi wa kike wanaotaka kumtumia. Unaweza kwenda naye, au kumwambia aende mwenyewe, ataweza. Tatu, amegundua kwamba mtu aliyemwamini alimficha mambo, na hasira zimempanda ndani ya maabara ya yule mtu. Unaweza kumtuliza, au kumwacha avunje vyombo, na wewe ukavunja naye. Nne, anataka kwenda kwenye kaburi la kijana aliyemsaidia alipokuwa akikimbia. Unaweza kumwambia hakuna muda, au ukaenda naye. Na ukimpeleka kwa baba yake mfalme, unapewa fedha kwa kazi ya kumtafuta. Unaweza kuzipokea au kuzikataa.

Mimi nilicheza, kama nilivyodhani wakati ule, jinsi baba yangu angecheza. Baba wa Kiafrika, si ndiyo? Nikamwambia atulie. Nikaenda naye kwa wachawi nisije nikamwacha peke yake na watu wabaya. Kwenye maabara nikamwambia apunguze hasira, vitu vya watu havivunjwi. Kaburini nikasema hakuna muda, tuna vita. Fedha za mfalme nilizipokea, maana kazi ni kazi na farasi anakula. Kila jibu nililochagua nililiona la busara. Lilikuwa jibu la mtu anayempenda mtoto wake na kumwogopea.

Mwishoni, Ciri anaamua kuingia peke yake kwenye mlango wa dunia nyingine kuizuia baridi inayokuja kuumaliza ulimwengu. Geralt hawezi kumfuata. Panga mbili hazisaidii kitu. Akiwa ndani ya dhoruba ile, Ciri anakumbuka. Na unayoonyeshwa anakumbuka ni yale madogo uliyoyaamua wewe. Mema yakizidi, anatoka akiwa hai. Mabaya yakizidi, harudi. Gemu haikukwambia popote kwamba ilikuwa inahesabu.

Wangu hakurudi. Geralt anaishia kwenye kibanda bwawani, ameshika medali tu mkononi, mazimwi yanazunguka nje, na yeye hana hamu hata ya kunyanyuka. Hapo ndipo nilipolia. Dogo akanyamaza kidogo, halafu akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuzaliwa Virginia, "Auntie, ni wewe ulifanya hivyo. Kila saa ulikuwa unamwambia akae chini."

Nilipanda kitandani, usingizi haukuja. Kwanza nilimkasirikia baba. Nilijiambia, unaona, ndivyo walivyo, wanatubana kwa mapenzi mpaka tunashindwa kupumua, ndiyo maana nimeshindwa kumwambia habari ya masomo. Nilitaka kuandika makala ya namna hiyo, na ningeiandika mngenipigia makofi, kwa sababu sote hapa tuna malalamiko kuhusu wazazi. Lakini kadiri nilivyolala macho wazi ndivyo nilivyoanza kuona aibu. Kwa sababu yule niliyemcheza hakuwa baba yangu.

Nilipokuwa na miaka kumi na mbili, mtaani kwetu palikuwa na banda la gemu. Banda la mabati, televisheni mbili, PlayStation 2 mbili, unalipia nusu saa. Lilikuwa la wavulana. Mama mdogo alishanionya mara mbili kwamba mtoto wa kike haonekani mahali pale. Siku moja nimetoka madrasa nikaingia na hela yangu ya Idi, nikalipia, nikashika pedi. Mtu akaenda kusema. Dakika kumi hazijafika, mlangoni pakaingia kivuli. Baba, tepu ya kupimia bado iko shingoni. Wavulana wote wakanyamaza. Mimi nikaweka pedi chini, nikasimama, nikijua leo ni leo.

Baba akaangalia televisheni. Akaniangalia. Akasema, "Malizia dakika zako. Umeshalipia."

Akasimama pale pale mlangoni, amekunja mikono, mpaka nusu saa ikaisha. Kisha tukatoka. Njia nzima hakusema neno juu ya banda wala juu ya watu watasema nini. Tulipokaribia nyumbani akauliza tu, "Yule mwenye jezi nyekundu ndiye wewe?" Nikasema ndiye. Akasema, "Anakimbia sana."

Basi. Hayo ndiyo yalikuwa mabonge yangu ya theluji, na nilikuwa nimeyasahau. Nimeishi na baba miaka kumi na tisa nikamjua kwa ukimya wake, nikauhesabu ukimya ule kuwa ukali. Ilibidi nikae saa sitini kwenye kiti cha baba mwingine, wa kuchorwa, nichague vibaya mara tano, ndipo nione kwamba baba yangu alipokuwa kwenye kiti hicho alichagua vizuri. Banda lile lilimtia aibu mbele ya mtaa. Aliilipa aibu hiyo kimya kimya ili mimi nisiikose nusu saa yangu. Na siku ya safari pale uwanja wa Julius Nyerere, shangazi na wajomba walinipa wasia mpaka nikachelewa foleni. Baba alinipa kikopo chenye sindano, nyuzi na vifungo. Akasema, "Kifungo kikikatika usisubiri fundi." Mimi nikaona ni zawadi ya kimaskini. Leo nasoma maneno yale kwamba, nenda, utaweza mwenyewe.

Najua wapo watakaonipinga, na hoja zao si za kupuuza.

Kuna wanaosema stori hizi za baba na binti ni biashara. Watengenezaji wa gemu waliokuwa vijana walizeeka, wakapata watoto, wakaanza kutuuzia machozi yao. Kuna ukweli. Mwaka 2010 ilitoka gemu iitwayo Nier. Wajapani walipewa toleo ambalo shujaa ni kaka anayemtafutia dada yake mgonjwa dawa. Toleo lililouzwa nje ya Japani, kaka akageuzwa baba na dada akawa binti. Mgonjwa ni yuleyule, jina ni lilelile, Yonah. Yaani kuna mtu alikaa mezani akapiga hesabu kwamba Mmarekani atanunua baba kuliko kaka. Mwaka 2013 ikaja The Last of Us, dunia ya maradhi badala ya mazimwi, nayo inaanza kwa baba kufiwa na binti na kuendelea na binti wa kuokota. Wakosoaji, hasa wanawake, wakauliza swali zuri: je, binti katika stori hizi ni mtu, au ni mzigo wa kubebwa ili mwanamume alie na sisi tumwonee huruma?

Mimi kama binti nasema swali hilo ndilo la kupimia kila gemu ya aina hii. Na ndiyo maana naiweka The Witcher 3 mbele ya nyingi. Katika gemu nyingi baba anashinda kwa kumshika binti asiondoke. Katika hii, ukimshika unampoteza. Dunia inaokolewa na binti mwenyewe. Baba kazi yake ilikuwa kumpa kitu cha kukumbuka atakapokuwa peke yake. Na tazama ilivyoendelea: Desemba 2024 kampuni ileile ilionyesha kionjo cha Witcher ya nne, na safari hii mwenye upanga, anayechezwa, ni Ciri.

Wengine watasema, dada, hiyo ni stori ya wazungu. Kweli. Mwaka 2015 palikuwa na mabishano makubwa kwa sababu karibu kila mtu katika gemu ile ni mweupe. Nami niliona. Lakini napenda kuwakumbusha baba mmoja mweusi ambaye tunamsahau. Mwaka 1997 Wajapani wa Square walitoa Final Fantasy VII, na ndani yake yumo Barret, jitu la miraba minne lenye bunduki mahali pa mkono. Wengi walimlalamikia, na ni haki, kwamba amechorwa kama mtu mweusi wa sinema, kelele na hasira. Lakini huyuhuyu analea kabinti kadogo, Marlene, ambaye si wa damu yake. Ni mtoto wa rafiki yake Dyne, waliotenganishwa siku mji wao ulipochomwa. Barret alidhani rafiki amekufa, akamchukua mtoto akamfanya wake. Anakuja kumkuta Dyne yuko hai, ameharibika akili kwa uchungu, na inambidi achague kati ya rafiki na mtoto. Kuzaa si kazi, nimeshasema. Nani kati yetu hakulelewa na mjomba, na shangazi, na jirani?

Halafu kuna sisi wenyewe. Kiswahili kina maandiko ya mzazi kwa binti tangu zamani. Mwana Kupona wa Pate alimwandikia binti yake utenzi mnamo 1858. Shaaban Robert, mtu wa Tanga kama mimi, alimwandikia binti yake Mwanjaa Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume akamwandikia Utenzi wa Adili. Ni hazina, na sitaki mtu aseme nimezidharau. Ila tazameni zilivyojengwa. Mzazi anasema, mtoto anasikiliza. Anayepewa mtihani ni mtoto, ataufuata wasia au hataufuata. Gemu iliyoniliza imegeuza meza. Anayefanya mtihani ni baba, na anayesahihisha ni binti, miaka baadaye, akiwa peke yake kwenye baridi. Hilo sikuwahi kulisoma mahali kwa lugha yetu, na nadhani tunalihitaji, hasa sisi tulio huku, kwenye baridi kwelikweli.

Kwa hiyo hoja yangu ya mwisho ni kwamba tuzitengeneze wenyewe. Msiniambie haiwezekani. Hapa hapa Manassas George Mason University wana kampasi yao ya sayansi na teknolojia, na ndiko ilikoanzishwa Virginia Serious Game Institute, mahali pa kutengeneza gemu za kufundishia. Na Washington alifika Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia kwenye kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza dola 300 kwa miaka mitatu akamnunulia laptopu, bila hata kujua mtoto ataitumia kwa kazi gani. Kijana alikuwa akitembea masaa matatu kwenda kuichaji. Akajifundisha mwenyewe, akatengeneza gemu aliyoiita Salaam, ya mkimbizi anayetafuta amani, na 2018 akatambuliwa jukwaani kwenye The Game Awards. Yule mama hakuuliza kwanza mshahara. Shaaban Robert naye aliandika Adili na Nduguze, yenye majini na ndugu waliogeuzwa manyani. Ulimwengu wa ajabu tunao. Kinachokosekana ni watu wetu wa kuuandikia programu, na wazazi wa kuwaruhusu.

Na hapo ndipo kidole kinaponirudia mwenyewe. Nawezaje kudai wazazi wa kuruhusu, na wangu sikumpa hata nafasi ya kuchagua? Geralt alipewa maswali akajibu vibaya. Baba yangu sikumuuliza. Nilimjibia.

Jumapili ile nilipiga saa sita usiku, yaani saa mbili asubuhi kwake. Nilisikia cherehani. Shikamoo baba. Marahaba mama. Nikasema, baba nina neno. Cherehani ikanyamaza. Nikamweleza yote, unesi niliuacha lini, nasoma nini, nitalipaje, kwamba nafanya kazi maktaba yale masaa 20 kwa wiki ninayoruhusiwa na viza. Akakaa kimya muda mrefu mpaka nikatazama simu kama imekatika.

"Tangu lini?"

"Tangu Agosti, baba."

"Kuhama si kosa," akasema. "Umenifanya niseme uongo kwa watu miezi sita. Hilo ndilo."

Nikasema naomba unisamehe baba. Akasema haya. Hakuniuliza kama nimekula, na baba huuliza hivyo kila siku. Akakata. Wiki ile sikuweza hata kufungua kitabu.

Jumapili iliyofuata nilipiga nikitetemeka. Salamu zikaenda kama kawaida. Hali ya hewa, bei ya uzi, mama mdogo anaumwa mgongo. Kisha akasema, kama mtu anayeulizia jambo la jirani, "Sasa hao watu wenu wa kwenye gemu. Nguo zao nani anazikata?"

Nikamwambia kuna watu kazi yao ni hiyo tu, wanashona kwenye kompyuta, na kazi ngumu ni kuifanya nguo ikae mwilini mtu anapotembea. Akacheka. "Hata huku ndiyo kazi ngumu," akasema. Tukaongea nguo dakika arobaini. Sijui kama amenisamehe kabisa. Kiwanja cha Muheza hakijarudi, na mimi sina uhakika wa ajira. Lakini Jumapili sasa tunaongea kitu.

Sitaki kuwaambia nendeni mkanunue PlayStation. Pesa ya kodi ni pesa ya kodi. Nasema tu, ukikuta mtu anacheka gemu mwambie ziko zinazokufanya ukae mahali pa mzazi wako kwa muda, na ukishuka hapo hutamhesabu kama ulivyokuwa ukimhesabu. Na wewe unayemficha baba jambo, kumbuka kwamba anaweza kujibu vizuri kuliko yule unayemchezea kichwani mwako. Umuulize kwanza.

Wenye mawazo tofauti, kurasa za toleo lijalo ziko wazi, njooni tubishane. Naomba kuwasilisha.